Gandhi na Vipande vya Transvaal

Aghalabu jina la Mohandas Karamchand Gandhi linapotajwa, fikra za wengi hukimbilia India, kwenye gurudumu la kusokotea pamba na maandamano ya chumvi ya mwaka 1930. Ni wachache wanaokumbuka kwamba silaha aliyoitumia huko aliifua Afrika, katika mzozo kuhusu suala ambalo hadi leo huzigawanya nchi: je, serikali ya jimbo ina haki gani ya kumsimamisha mtu njiani na kumtaka athibitishe kuwa anastahili kuwapo? Makala haya yanayatazama maisha yake kupitia mzozo huo, kwa sababu ndani yake mna ushindi wa kweli na pia dosari ya kweli.

Kuzaliwa na Safari ya Afrika

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 mjini Porbandar, magharibi mwa India. Alikwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, akahitimu mwaka 1891. Aliporejea nyumbani, kazi ya uwakili haikumnyookea. Ndipo kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu wa Kihindi aliyekuwa Afrika Kusini, Dada Abdulla, ilipomwita asaidie katika kesi moja. Mwaka 1893 akasafiri kwa meli iliyopitia Lamu, Mombasa na Unguja. Pale Lamu alishuka kuutazama mji, na nusura aachwe na meli.

Alitua Durban mwezi Mei. Majuma machache baadaye, mkononi akiwa na tiketi ya daraja la kwanza, alitupwa nje ya gari moshi katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa amekusudia kukaa mwaka mmoja. Mambo yakawa mambo, na hakuondoka kabisa hadi mwaka 1914.

Natal aliikuta na Wahindi walioletwa tangu mwaka 1860 kwa mikataba ya kazi katika mashamba ya miwa. Wakulima wa Kizungu waliitaka nguvu yao, ila wengi hawakutaka wabaki mkataba ukiisha. Mwaka 1895 ikapitishwa sheria ya kuwatoza kodi ya pauni 3 kwa mwaka wale waliobaki. Mwaka 1897 ikaja sheria ya uhamiaji iliyomtaka mgeni aweze kuandika katika lugha ya Ulaya. Sheria hiyo haikutaja rangi, lakini kila mtu alijua iliyemlenga.

Sheria ya Mwaka 1907

Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu kumalizika mwaka 1902, Gandhi alifungua ofisi ya uwakili mjini Johannesburg, katika koloni la Transvaal. Huko mjadala ulikuwa mkali. Wafanyabiashara wa Kizungu walilalamika kwamba Wahindi waliuza bidhaa kwa bei ya chini na kuwaharibia soko. Walidai pia kwamba wengi walikuwa wakipenya mpakani bila kibali halali. Gandhi na wenzake walijibu kwamba mkosaji ashtakiwe kwa kosa lake, wala si jamii nzima kuhesabiwa kuwa ya wahalifu.

Mnamo Agosti 1906 serikali ilitangaza rasimu iliyowataka Waasia wenye umri wa miaka 8 na zaidi wajisajili upya, watoe alama za vidole vyote kumi na kupewa cheti. Polisi wangeweza kukidai cheti hicho popote. Asiyekuwa nacho angetozwa faini, angefungwa au kufukuzwa. Kwa Mkenya, maelezo zaidi hayahitajiki: hicho ni kipande, ndugu wa kile walichofungishwa babu zetu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na ambacho Harry Thuku alikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Tarehe 11 Septemba 1906 Wahindi wapatao 3,000 walikutana katika Ukumbi wa Empire, Johannesburg, wakaapa kutoitii sheria hiyo. Gandhi akaenda London pamoja na H. O. Ally, na serikali ya Uingereza ikakataa kuidhinisha rasimu. Furaha haikudumu. Mwaka 1907 Transvaal ilipewa mamlaka ya kujitawala, na bunge lake jipya likapitisha sheria ileile upesi. Safari hii London iliiridhia. Jambo lililokataliwa mlango wa mbele likaingia kwa mlango wa nyuma, kwa jina la haki ya koloni kujiamulia mambo yake.

Kususia Ofisi za Vibali

Sheria ilianza kutekelezwa Julai 1907. Badala ya kurusha mawe, Wahindi walizisusia ofisi za usajili. Vijana wa kujitolea walisimama karibu na milango na kuwasihi waliokuja wasiingie, nao walikatazwa kumgusa yeyote. Hadi mwisho wa Novemba waliojisajili walikuwa takriban 500, katika jamii iliyokisiwa kuwa na watu 13,000. Wachina wa Transvaal, wakiongozwa na Leung Quinn, nao waligoma.

Januari 1908 Gandhi alifungwa. Kabla mwezi haujaisha, alipelekwa kuonana na Jenerali Jan Smuts, wakapatana: Wahindi wajisajili kwa hiari yao, na serikali, kwa jinsi Gandhi alivyoelewa, ifute sheria. Wengi walihisi wamesalitiwa. Tarehe 10 Februari, Gandhi alipokuwa njiani kwenda kujisajili, Mir Alam, ambaye hapo awali alikuwa mteja wake, alimpiga hadi akazirai. Gandhi aliomba asishtakiwe, akatoa alama za vidole akiwa kitandani.

Sheria haikufutwa. Tarehe 16 Agosti 1908, kwenye Msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg, vyeti zaidi ya 2,000 vilitiwa katika chungu kikubwa cha chuma, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa.

Kuvuka Mpaka

Majimbo yalipoungana mwaka 1910, Mhindi bado hakuweza kutoka Natal kuingia Transvaal bila ruhusa. Hivyo kuvuka mpaka kukawa silaha. Mwaka 1913, baada ya mahakama kukataa kuzitambua ndoa zilizofungwa kwa dini za Kihindi na Kiislamu, wanawake walijitosa. Kasturba, mkewe Gandhi, alifungwa. Wanawake wengine walikwenda Newcastle kuwahimiza wachimbaji wa makaa ya mawe wagome hadi kodi ya pauni 3 iondolewe. Tarehe 6 Novemba, wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57 waliingia Transvaal kwa miguu. Gandhi alikamatwa mara tatu katika siku nne. Wafuasi wake walirudishwa kwa gari moshi, na migodi ikageuzwa jela. Hata hivyo, mgomo ulisambaa hadi kwenye mashamba ya miwa ya pwani, na baadhi ya wagomaji wakapigwa risasi. Valliamma, msichana wa miaka 16 kutoka Johannesburg, aliugua gerezani na kufariki Februari 1914.

Mwaka huohuo sheria mpya ilifuta kodi ya pauni 3 na kuzitambua ndoa. Vizuizi vya kuhama kutoka jimbo hadi jimbo vilibaki. Gandhi aliondoka Afrika mwezi Julai. Aliuawa mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948.

Tathmini

Mzozo huu unatufunza kwamba sheria ya vipande huishi kwa ushirikiano wa wale inaowakandamiza. Wanapokataa kupanga foleni, serikali hubaki na kalamu na wino, bila vidole vya kuchovya. Lakini pana swali linalopaswa kuulizwa bila haya: foleni ya nani? Mwafrika wa Transvaal alikuwa akibeba pasi kabla ya Mhindi kutakiwa kufanya hivyo, na Gandhi hakumjumuisha katika mapambano yake. Katika maandishi yake ya miaka hiyo aliwadharau Waafrika, na alilalamika kuwekwa nao jela moja. Mwaka uleule wa 1913, wanawake Waafrika wa Bloemfontein walikuwa wakizikataa pasi zao wenyewe. Mito miwili ilitiririka bega kwa bega bila kukutana, hadi mwaka 1952 vyama vya Waafrika na Wahindi vilipoungana kuzivunja sheria za ubaguzi.

Ndiyo maana kumbukumbu yake Afrika ina sura mbili. Mwaka 1956 sanamu yake ilizinduliwa katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Desemba 2018 sanamu nyingine iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana. Hakuna haja ya kuchagua upande mmoja na kuufumbia macho wa pili. Mbinu aliyoivumbua ni urithi wa kila aliyewahi kuambiwa atoe cheti au aondoke. Alichokosa ni kutambua kwamba mtu aliyesimama kando yake, mwenye pasi mkononi, alikuwa anamdai haki ileile. Umoja ni nguvu, na kususia kunakobagua huuacha mzizi wa dhuluma ardhini.