Gosset: mtaalamu wa bia aliyetufundisha kupima mzigo kwa madumu machache

Mfanyabiashara anayenunua mawese Kizuka, huko Rumonge kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, anaijua shida hii: mzigo ni mamia ya madumu, muda ni mfupi, na anaweza kupima machache tu. Je, hayo machache yanasema kweli kuhusu mzigo mzima? Aliyetoa jibu ni mfanyakazi wa kiwanda cha bia.

William Sealy Gosset alizaliwa Juni 13, 1876 mjini Canterbury, Uingereza. Alisoma hisabati na kemia Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha Guinness mjini Dublin, Ireland. Huko alishughulikia ubora wa shayiri na malighafi nyingine za bia. Jaribio moja la shayiri lilichukua msimu mzima, hivyo vipimo vyake vilikuwa vichache, ilhali hesabu za wakati ule zilitegemea vipimo vingi.

Mwaka 1906 alikwenda London kujifunza kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu. Alichukua vipimo vya miili ya wafungwa 3,000, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya kama karata na kuzigawa mafungu 750 ya kadi nne nne. Aliona kwamba fungu dogo huweza kuonyesha vipimo vinavyokaribiana kuliko hali halisi. Kwa hiyo, vipimo vikiwa vichache, kiwango cha makosa lazima kipanuliwe.

Alichapisha matokeo mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Kwa kuwa mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, alitumia jina la Student, yaani Mwanafunzi.

Turudi Kizuka. Tuseme umeuziwa madumu ya lita 20. Umechagua manne bila kupendelea, ukapata wastani wa lita 19.5, na mchepuko wa kawaida, yaani kipimo cha kutofautiana kwa madumu, ni lita 0.4. Gawanya 0.4 kwa kipeuo cha pili cha 4, ambacho ni 2, unapata 0.2. Kanuni ya vipimo vingi huzidisha kwa 1.96: wastani wa mzigo ungekuwa kati ya lita 19.11 na 19.89, nawe ungemwita muuzaji mwizi. Jedwali lililotokana na kazi ya Gosset linataka uzidishe kwa 3.182: kati ya 18.86 na 20.14. Lita 20 bado zimo ndani, hivyo huna ushahidi wa kutosha.

Pima madumu 16. Matokeo yakibaki yaleyale, kipeuo ni 4 na kizidisho ni 2.131: kati ya 19.29 na 19.71. Hapo unaweza kudai punguzo bila kumwonea mtu. Hesabu hii hulenga kupatia mara 95 katika 100, mradi madumu yasichaguliwe na muuzaji.

Ronald Fisher, rafiki yake, aliiendeleza na kuisambaza kazi hiyo. Mwaka 1935 Gosset alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Guinness, akafariki Oktoba 16, 1937 akiwa na miaka 61. Hadi leo wanafunzi wa takwimu hutumia jedwali lenye jina la Student, na wengi hawajui kuwa mwenyewe aliitwa Gosset.