Hans Reck na Reptilia Warukao wa Tendaguru

Mtoto wa shule ya msingi huko Lushoto akiokota jiwe kando ya njia na kumwuliza mwalimu wake kama ndani yake mna mifupa ya wanyama wa kale, jibu ni kwamba hamna. Miamba ya Milima ya Usambara iliumbika chini sana ardhini kwa joto kali na mgandamizo, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na miamba ya namna hiyo haihifadhi mifupa. Lakini mwalimu asiishie hapo. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, yamepatikana mabaki ya reptilia walioruka angani yapata miaka milioni 150 iliyopita. Hapa tunaeleza maisha ya mtu aliyeyachunguza, kwani yana funzo kwa kila ajiandaaye kuwa mwalimu.

Hans Reck alizaliwa mwaka 1886 huko Würzburg, Ujerumani, akawa mtaalamu wa miamba na volkeno. Wakati wa utawala wa Wajerumani, makumbusho ya Berlin yalianza kuchimba Tendaguru mwaka 1909. Reck alipewa usimamizi wa kazi hiyo mwaka 1912, akafuatana na mkewe Ina. Waliochimba mifupa na kuibeba hadi bandari ya Lindi ni mamia ya Waafrika, na mnyapara wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Ni haki jina lake litajwe darasani pamoja na la Reck.

Mifupa mingi ilikuwa ya dinosaria. Ya reptilia warukao ilikuwa michache, tena vipande, maana mifupa yao ilikuwa myembamba na yenye uwazi ndani. Mwaka 1931 Reck alichapisha uchunguzi wake, akataja aina nne mpya. Moja aliiweka katika kundi la Rhamphorhynchus, wenye mikia mirefu. Tatu aliziweka katika kundi la Pterodactylus, wenye mikia mifupi.

Mwaka 1999 wataalamu David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich walivichunguza upya vipande vya Tendaguru. Waliona kwamba vile alivyovitumia Reck havitoshi kutambulisha aina hizo. Hata hivyo, kipande kimoja cha taya chenye meno walikipa jina jipya, Tendaguripterus recki, kwa heshima yake.

Hilo halikuwa kosa la pekee katika maisha yake. Mwaka 1913, katika bonde la Olduvai, watu wake waligundua mifupa ya binadamu, naye akashikilia kwamba ilikuwa ya kale sana kama tabaka ilimolala. Mabishano yalidumu miaka ishirini. Baada ya kurudi Olduvai mwaka 1931 pamoja na Louis Leakey, ushahidi ulionyesha kuwa mtu yule alizikwa humo baadaye sana. Mwaka 1933 Reck alikubali hadharani, pamoja na wenzake, kwamba walikosea. Alifariki mwaka 1937 huko Lourenço Marques, ambako leo ni Maputo.

Je, somo hili lifundishweje? Tusianze na majina magumu. Mwalimu achore ubaoni mabawa matatu. La ndege hushikiliwa na manyoya. La popo ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole kadhaa. La reptilia warukao lilikuwa ngozi iliyoshikiliwa na kidole kimoja tu, cha nne, kilichorefuka mno. Watoto wanyooshe mikono yao na kukitafuta kidole hicho. Kisha waulizwe: kama tungepata kipande kimoja tu cha mfupa, tungejuaje ni cha mnyama gani? Hapo mwalimu aeleze habari za Reck. Mtoto atakayeelewa kwamba mtaalamu naye husahihishwa hataona haya kusahihisha daftari lake, na mwalimu aliyekosea ubaoni hatasita kufuta na kuandika upya mbele ya darasa.