Clyde Beatty, mfunza simba aliyeponea meno ya Nero

Clyde Beatty, mzaliwa wa jimbo la Ohio nchini Marekani mwaka wa 1903, aliingia katika sarakasi akiwa kijana mwenye kusafisha vizimba. Baadaye alijifungia na simba pamoja na chui milia, hadi 40 kwa mara moja, akishika kiti, mjeledi na bastola ya kupiga mlio tu. Kiti hicho hakikuwa pambo: miguu yake minne humchanganya simba, asijue arukie wapi. Lakini Januari 1932, huko Indiana, simba aitwaye Nero alimwangusha na kumng'ata mguu. Kidonda kikaingia usaha, wakati ambapo antibiotiki hazikuwa bado hospitalini. Alipona kwa shida, na miezi michache baadaye akarudi kizimbani. Alifariki Julai 1965 kwa kansa, akiwa na miaka 62.