Shekhar Mehta: Bingwa mara tano ambaye ushindi wake wa kwanza ungali unabishaniwa

KILA mara mbio za Safari Rally zinapokaribia, na kila mara madereva bora wa mwaka wanapotajwa na kutuzwa, wapenzi wa magari hugawanyika. Katika gereji za Kakamega, mafundi wakiwa wameinamia injini, madereva waliostaafu hukaa kando wakiyapima majina yale yale: Joginder Singh, Shekhar Mehta, Patrick Njiru, Ian Duncan, Carl Tundo. Ubishi huo si wa Nairobi peke yake. Zamani Safari haikuwa mbio za kuzunguka Naivasha na vitongoji vyake. Ilikuwa safari kweli, ya maelfu ya kilomita katika barabara ambazo watu walizitumia kila siku, na wakazi wa magharibi mwa Kenya walikesha kando ya njia wakingoja taa za gari la kwanza.

Katika ubishi huo, jina la Mehta lina bahati ya ajabu. Ukifungua orodha ya washindi, yeye ndiye aliye juu: alishinda mwaka 1973, kisha akashinda mfululizo mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Lakini ukisikiliza vinywa vya watu, Joginder ndiye anayetangulia. Wanaomshusha Mehta wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa mtoto wa tajiri aliyetoka Uganda, hali Joginder alikuwa fundi wa Kericho. Ya pili, na hii ndiyo nzito, ni kwamba ushindi wa 1973 hakuupata kwa kumshinda mtu. Alifungana na mwenzake, kanuni ikaamua.

Chandrashekhar Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia yenye asili ya India iliyomiliki mashamba makubwa. Ni kweli kwamba hakuanza maisha kwa njaa. Alipoingia katika mbio za magari mwaka 1966 alikuwa na gari aina ya BMW, jambo ambalo vijana wengi wa rika lake Afrika Mashariki hawangethubutu hata kuliota. Lakini matope ya Aprili hayakumwuliza mtu babake ni nani. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio hizo na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyofika mwisho yakawa tena 7. Huko fedha ziliweza kumnunulia mtu gari, lakini hazikumnunulia barabara.

Kufikia mwaka 1971 Mehta alikuwa amekwisha kuiva. Mwaka huo, akiendesha Datsun 240Z, alimaliza wa pili nyuma ya Edgar Herrmann, aliyeendesha gari la aina hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa Ford Escort na kuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kutwaa taji la Safari. Kabla ya hapo ilisemwa kwamba hakuna Mzungu wa Ulaya awezaye kuja na kuwapokonya wenyeji mbio zao. Mikkola aliuvunja usemi huo, na tangu siku hiyo kila dereva wa Afrika Mashariki alianza mbio akijua kwamba ana heshima ya nyumbani ya kurejesha.

Hapo ndipo historia ilipomwingilia Mehta. Mnamo Agosti 1972, Idi Amin aliwatangazia Waasia wa Uganda kwamba wana siku 90 za kuondoka nchini. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Baadhi yao waliondoka kwa treni iliyotoka Kampala hadi bandari ya Mombasa, ikipitia magharibi mwa Kenya. Familia ya Mehta nayo iliondoka, na Kenya ikawa makao yake. Hivyo huyo mtoto wa tajiri, anayetajwa katika gereji kana kwamba hakupata kupoteza kitu, aliingia mwaka 1973 akiwa amepoteza nchi aliyozaliwa. Wanaohesabu mali yake ya zamani mara nyingi husahau kuhesabu na hilo.

Pasaka ya mwaka 1973 iliangukia Aprili 22. Mwaka huo ndio uliokuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za rally kwa watengenezaji wa magari, na Safari ilikuwa miongoni mwa mashindano yaliyohesabiwa. Mehta alipanga mstari akiwa na Datsun 240Z, mwelekezi wake akiwa Lofty Drews. Kikosi hicho cha Datsun kilikuwa pia na Harry Källström wa Sweden, akielekezwa na Claes Billstam. Madereva hao wawili walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa.

Hapa inafaa kueleza mbio zilivyohesabiwa, maana vijana waliozoea saa za kisasa, zinazotenganisha washindani kwa sehemu ndogo ya sekunde, hushangaa iweje watu wawili wafungane baada ya siku kadhaa barabarani. Safari ya enzi hizo haikuwa na vipande vifupi vilivyofungwa ambamo dereva hupimwa mwendo wake peke yake. Barabara zilikuwa wazi kwa mabasi, malori, baiskeli na ng'ombe. Kulikuwa na vituo vya ukaguzi, na kila gari lilipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Aliyefika baada ya muda huo alibebeshwa adhabu kwa kila dakika aliyochelewa. Muda uliwekwa mfupi mno hata ikawa, katika sehemu mbaya, hakuna awezaye kufika bila adhabu. Mwisho wa yote dakika zilijumlishwa, na mwenye mzigo mwepesi akawa mshindi. Kwa kuwa hesabu ilikuwa ya dakika nzima, kufungana hakukuwa muujiza.

Kwa ajili ya hali kama hiyo palikuwa na kanuni: atangulizwe yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta ndiye aliyekuwa amekwenda mbali zaidi bila doa. Taji likawa lake.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba taji hilo lingegawanywa. Hoja yao haikosi uzito, kwani Källström hakuchelewa zaidi ya Mehta hata kwa dakika moja katika jumla yote, na ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakushindwa kwamba ameshindwa. Lakini kanuni ile haikutungwa usiku wa mwisho ili kumfaa mwenyeji. Ilijulikana kabla ya gari la kwanza kuondoka, na kila dereva aliingia barabarani akiikubali. Isitoshe, kilichotuzwa na kanuni ile ndicho kilichokuwa kiini cha Safari yenyewe. Wengi waliweza kukimbia vikali siku ya mwisho, pale magari mabovu yalipokwisha kuachwa mitaroni na njia ikawa nyeupe. Wachache ndio waliojua kwenda kasi tangu mwanzo bila kuvunja springi wala kupasua tangi la mafuta. Ukilazimika kumtenga mmoja kati ya wawili waliolingana, ni vigumu kupata kipimo cha haki kuliko hicho.

Hata hivyo ushindi wenye ubishi ni kama deni, nao ulimfuata Mehta kwa miaka sita. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer akiwa na mwelekezi David Doig, akimwacha Björn Waldegård wa Sweden na Porsche yake katika nafasi ya pili. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena kwa Lancer. Ukijumlisha na ushindi wake wa 1965, alioupata kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ndugu yake Jaswant akiwa mwelekezi, alikuwa mtu wa kwanza kutwaa Safari mara tatu. Hakuna aliyehitaji kusoma kanuni ili kujua kwamba Joginder ameshinda. Hiyo ndiyo sababu mzee huyo wa Kericho, aliyefariki London mwaka 2013, ana makao yake ya kudumu katika nyoyo za mafundi: alikuwa mmoja wao, aliyejifunza gari kwa spana kabla ya kulijua kwa usukani.

Mehta alilipa deni lake mwaka 1979. Akiwa na mwelekezi Mike Doughty na gari dogo la Datsun 160J, aliwashinda Mercedes, waliokuja na magari makubwa yenye nguvu na kikosi cha kutisha. Mwaka 1980 Mercedes walirudi, na Mehta akashinda tena, wa pili akiwa Rauno Aaltonen wa Finland, dereva hodari ambaye Safari ilimnyima ushindi maisha yake yote, ingawa alimaliza wa pili mara kadhaa. Mwaka 1981 mambo yakawa yale yale: Mehta wa kwanza, Aaltonen wa pili.

Mwaka 1982 ndio uliopaswa kumaliza maneno. Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyekuja na Opel Ascona 400, alikuwa katika mwaka ambao mwisho wake angetawazwa bingwa wa dunia. Mehta na Doughty walikuwa wangali na Datsun ile ile ya ukoo wa Violet, gari ambalo kwa sura halikutofautiana sana na yale yaliyobeba walimu na wafanyabiashara katika barabara zetu. Röhrl alimaliza wa pili. Ushindi wa nne mfululizo ukaandikwa, na hakuna dereva mwingine, mwenyeji wala mgeni, ambaye ameufikia.

Siri ya Mehta haikuwa kasi tupu. Walikuwapo waliomzidi kasi, na Röhrl bila shaka alikuwa mmoja wao. Alichokuwa nacho ni hesabu. Alijua ni wapi pa kupoteza dakika mbili kwa hiari ili asipoteze saa mbili kwa lazima. Penye mto uliofurika au udongo mweusi uliolainika, alipita kama mtu atakayelihitaji gari lake kesho. Watazamaji wanaopenda kuona magurudumu yakiruka hewani hawakumwona kuwa burudani kubwa, na huenda hilo nalo limechangia kumnyima sifa vinywani.

Siku hizi ubishi umeongezewa kipengele kipya. Carl Tundo naye ameshinda Safari mara tano, hivyo kwa hesabu ya vikombe anasimama bega kwa bega na Mehta. Hakuna haja ya kumdunisha Tundo ili kumpandisha Mehta. Lakini Tundo alipata ushindi wake katika miaka ambayo Safari haikuwa katika ratiba ya ubingwa wa dunia, na wapinzani wake wengi walikuwa wa ukanda huu. Mehta aliwashinda watu ambao dunia nzima iliwaogopa, katika mwaka wao wa nguvu, magari yao yakiwa mapya. Tano na tano ni sawa kwenye karatasi. Barabarani hazikuwa sawa.

Baada ya 1982 zama zilibadilika. Ari Vatanen alitwaa taji la 1983 kwa Opel, na magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne yakaanza kuifanya Datsun ionekane ya kale. Mehta hakuwa tena mtu wa Safari pekee. Mwaka 1981 alikuwa amemaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva, na katika baadhi ya mashindano ya ng'ambo alielekezwa na mkewe, Yvonne. Mnamo 1987 alipata ajali mbaya katika Mbio za Mafarao nchini Misri, akaumia vibaya. Uendeshaji wake wa mashindano uliishia katika mchanga ule.

Hakuuacha mchezo. Aliingia katika utawala wake, na tangu 1997 aliongoza tume ya mbio za rally katika shirikisho la magari la dunia, FIA. Si Waafrika Mashariki wengi waliowahi kukaa kiti cha juu kiasi hicho katika mchezo wowote. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Safari, baada ya Colin McRae kuishinda mwaka 2002, iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Ratiba mpya ya dunia ilitaka mashindano mafupi, yenye vipande vilivyofungwa, yanayofuatika kwa urahisi na kamera za televisheni. Aina ya mbio zilizomjenga Mehta zilikuwa zimepitwa na wakati, naye akiwa mezani.

Safari ilirejea katika ubingwa huo mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, vipande vyake vikiwa vifupi na muda ukipimwa kwa mashine. Mehta hakuiona. Alifariki London, baada ya kuugua, siku ya Jumatano tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Jumapili iliyofuata ilikuwa Pasaka.