Mwalimu Nyerere, JKT na barua niliyonyimwa

 

Kila mwaka majina ya wanaotakiwa kwenda JKT kwa mujibu wa sheria yakitoka, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu wa hapa Kirando waliomaliza kidato cha sita wananiuliza: Frateri, ni lazima kwenda? Frateri, na kama mtu ana wito? Juzi mmoja amenifuata mwaloni, dagaa wakianikwa, akaniomba nimsindikize kwa Paroko akatafute barua ya kumwombea asiende.

Nilicheka kidogo, maana barua hiyohiyo mimi niliwahi kuiomba.

Nilipomaliza form six nilikuwa nimeshaamua kwenda seminari kuu. Jina langu likatoka, nimepangiwa kambi. Kwa kweli niliogopa. Nikaenda kwa Padre mmoja nikamweleza kwamba mtu anayetaka kuwa padre hafai kushika bunduki, kwa hiyo dhamiri yangu inakataa. Nililipanga vizuri, hata Injili niliitaja. Padre alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: wenzako wakiwa kambini hiyo miezi mitatu, wewe utakuwa unafanya nini? Nikakosa jibu. Ukweli ni kwamba nilipanga kulala na kutazama mpira.

Akaniambia kama moyo wangu kweli unaikataa silaha, yuko tayari kwenda nami kwa wenye mamlaka kuniombea, lakini kwa sharti kwamba miezi hiyo mitatu nitakwenda zahanati kila alfajiri kuwasafisha wagonjwa. Na kama ninachokikataa ni mchakamchaka tu, basi nikafunge begi. Nilifunga begi. Kabla sijaondoka akanipa kitabu cha maisha ya Mwalimu Nyerere. Nilikisoma njiani, gari likipanda milima kutoka ziwani kwenda Namanyere. Leo nataka kuwasimulia maisha hayo kwa upande mmoja tu: upande wa kutumika.

Mwalimu alifariki kabla mimi sijazaliwa. Nadhani hata wengi wenu mnaosoma hapa mnamjua kwa picha ya ukutani na kwa sikukuu ya tarehe 14 Oktoba. Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Usidhani mtoto wa chifu alikaa tu akihudumiwa. Alichunga mbuzi kama watoto wengine, na shule aliianza akiwa na miaka 12 hivi, pale Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21, alibatizwa na kuchukua jina la Julius. Ubatizo wake hakuchaguliwa na wazazi. Aliutaka mwenyewe akiwa mtu mzima.

Baada ya Makerere alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda Edinburgh kusoma hadi 1952, akarudi, akamwoa Mama Maria tarehe 24 Januari 1953, na akaanza kufundisha Pugu. Hapo alikuwa na mshahara mzuri na heshima ya msomi, katika nchi ambayo wasomi wa namna yake walihesabika kwa vidole. Lakini tarehe 7 Julai 1954 ilianzishwa TANU, yeye akiwa Rais wake. Haukupita muda akatakiwa kuchagua, ama ualimu ama siasa. Mwaka 1955 aliuacha ualimu, na mshahara ukaenda nao. Kumbukeni jambo hilo, maana litarudi mbele.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 10 Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwanzoni waliingia vijana wa kujitolea tu. Walilima, walijenga, walijifunza kwata na nidhamu. Jina lenyewe linaeleza: ni jeshi, lakini kazi yake ni kujenga. Miezi michache baadaye, Januari 1964, askari wa jeshi lililorithiwa kwa wakoloni waliasi. Mwalimu alilazimika kuomba msaada wa jeshi la Uingereza, aibu kubwa kwa nchi changa. Jeshi lile likavunjwa, na lilipojengwa jipya, JWTZ, vijana wa TANU na wa JKT walikuwa kati ya walioajiriwa. Tangu hapo wazo lake kuhusu ulinzi lilikuwa wazi: askari asiwe mtu wa pembeni na wananchi, na mwananchi asidhani nchi italindwa na wengine.

Mwaka 1966 Serikali ikaamua kwamba wanaohitimu vyuo na elimu ya juu watatumika JKT kwa lazima kwa miaka miwili. Miezi kama mitano ya mwanzo wangekaa kambini. Muda mwingine wote wangefanya kazi zao za kawaida, daktari hospitalini, mwalimu darasani, ila wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Angalieni hapo vizuri. Sehemu kubwa ya utumishi ule haikuwa bunduki hata kidogo. Ilikuwa kuwatibu na kuwafundisha Watanzania kwa kipato kidogo.

Wasomi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, wengi wamevaa majoho yao mekundu. Bango moja lilidai kwamba wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali. Mwalimu aliwapokea, akawaacha wasome tamko lao lote. Kisha akajibu, na hasira yake siku ile inasimuliwa mpaka leo. Aliwaambia kuwa kweli mishahara ya wakubwa nchini ni mikubwa mno, na kwamba yeye na wao wote ni wa tabaka hilo hilo linalokula jasho la mkulima. Hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na viongozi wengine wa juu wakapunguziwa pia. Wanafunzi wapatao 400 walifukuzwa, wakarudishwa vijijini kwao. Mmoja wao alikuwa Samuel Sitta, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Sitaki kumpamba Mwalimu hapa. Nimesoma falsafa miaka mitatu, na swali hili tumelibishania sana bwenini: je, dola ina haki gani ya kumlazimisha kijana? Kuwafukuza mamia ya wanafunzi kwa mkupuo katika nchi yenye wasomi wachache namna ile ni jambo zito. Familia za wakulima zilizouza ng'ombe kumsomesha kijana zilimwona anarudi na sanduku lake. Kuna wanaosema ilikuwa adhabu kupita kosa, na mimi siwezi kuwabishia kirahisi. Hata watu wa Mungu hukasirika, na si kila hasira yao ni takatifu.

Lakini mambo mawili yananifanya nimheshimu. La kwanza, alianza na nafsi yake. Yule aliyeacha mshahara wa Pugu mwaka 1955 ndiye aliyekata mshahara wa Ikulu mwaka 1966. Hakumtwika kijana mzigo ambao yeye mwenyewe hakuugusa. Na Februari 1967 lilifuata Azimio la Arusha, likawafunga viongozi wote kwa masharti ya namna hiyo. La pili, hakuufunga mlango. Waliofukuzwa, walio wengi, waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Aliwarudisha katika taifa lile lile walilokataa kulitumikia, na wengi wakalitumikia vizuri.

Sasa turudi kwenye swali la mdogo wangu wa mwaloni: na dhamiri je? Kanisa halikukaa kimya. Miezi kumi tu kabla ya maandamano yale, tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Gaudium et spes. Namba 79 inafundisha kwamba ni haki sheria ziwafikirie kwa utu wale wanaokataa silaha kwa sababu ya dhamiri, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Katekisimu inalirudia fundisho hilo katika namba 2311. Kuna nchi zilizoliweka jambo hili katika sheria. Ujerumani, kuanzia 1961 hadi 2011, kijana aliyekataa bunduki alipangiwa kazi hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Na sisi Waafrika tunaye Mtakatifu Maximilian wa Tebessa, kijana wa miaka 21 wa Afrika ya Kaskazini, aliyekataa kuandikishwa katika jeshi la Roma mwaka 295, akakatwa kichwa.

Mnaona fundisho lina pande mbili? Dhamiri iheshimiwe, na mwenye dhamiri atumike. Maximilian alilipa kwa kichwa. Yule kijana wa Ujerumani alilipa kwa miezi ya kuwaogesha wazee. Mimi nilitaka dhamiri isiyolipa chochote. Wale wenzetu wa 1966 nao hawakuwa wanakataa damu. Kilio chao kikubwa kilikuwa mshahara na hadhi. Ndiyo maana swali la Padre lilinikata: ukikataa huu mzigo, umebeba upi?

Mwalimu mwenyewe hakuwa mpenda vita. Jeshi la Idi Amin lilipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, ni mtu huyu wa Misa ya kila siku aliyepaswa kuamua vijana waende kupigana. Walikwenda askari na mgambo, watoto wa wakulima na wavuvi, na wako ambao hawakurudi. Jimboni kwetu pia wapo wazee ambao bado wanayo makovu. Naamini uamuzi ule ulimlemea mbele ya Ekaristi. Kutetea wanyonge ni wajibu, lakini Mkristo haendi vitani kwa kushangilia.

Mwaka 1985 aling'atuka, akarudi Butiama kulima. Aliitafsiri Injili kwa tenzi za Kiswahili. Aliaga dunia London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na ndiyo maana tunamwita Mtumishi wa Mungu. Hatumwombi hadharani katika liturujia, kwa kuwa Kanisa bado halijasema neno lake. Lakini tunaweza kumtazama na kujifunza.

JKT ya lazima ilisitishwa mwaka 1994, ikarudi 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Mimi nilikaa miezi yangu mitatu. Aisee, mwanzoni nililia. Kuamshwa usiku, kwata juani, miguu malengelenge. Lakini pale alikuwepo mtoto wa tajiri wa mjini aliyekuwa hajawahi kushika jembe, na dada mmoja Mwislamu aliyekuwa akinishonea vifungo vya kombati, na jamaa wa dhehebu lingine aliyenibebea ndoo siku niliyougua malaria. Tulikula maharage ya sufuria moja. Wito wangu haukufia pale, bali niligundua ulikuwa na uvivu mwingi ndani yake, nimeuvika kanzu.

Mdogo wangu nilimsindikiza kwa Paroko. Mlangoni nilimwuliza swali lile lile nililoulizwa mimi. Alinyamaza kama nilivyonyamaza, kisha akasema ana siku mbili za kufikiri. Sijui ataamua nini, na sitamwamulia. Akisema dhamiri yake inakataa kweli, zahanati ipo na mimi nitakwenda naye asubuhi ya kwanza. Akisema anakwenda kambini, nitamsaidia kununua raba.

Wiki hii tujiulize mambo matatu mbele ya Sakramenti Takatifu. Je, kuna wajibu ninaoukwepa kwa kutumia jina la Mungu? Je, ninachomdai mwenzangu, nimeanza kukifanya mwenyewe? Je, yupo mtu niliyemfukuza moyoni mwangu ambaye sasa napaswa kumrudisha?

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyekuja kutumikia wala si kutumikiwa, utujalie dhamiri safi na mikono isiyoogopa kazi. Wape viongozi wetu moyo wa kuanza na nafsi zao. Uwalinde vijana wote walioko kambini, uwarudishe salama kwa wazazi wao. Na kama ni mapenzi yako, umpe Mtumishi wako Julius heshima ya watakatifu. Amina.

Niombeeni, nami nawaombea. Ni mimi frateri wenu, Kirando.