Alexis Hartmann: Daktari aliyeipa dripu jina lake

MAMA anayemkimbiza hospitalini Molo mtoto aliyeharisha hadi macho yakadidimia, huenda akamsikia muuguzi akiagiza Hartmann asijue kwamba hilo ni jina la mtu.

Alexis Hartmann alizaliwa mwaka wa 1898 mjini St Louis, Marekani. Alisomea udaktari papo hapo, katika Chuo Kikuu cha Washington, akafuzu mwaka wa 1921. Pamoja na mwalimu wake, Philip Shaffer, alibuni njia ya kupima sukari katika damu iliyokuja kuitwa kwa majina yao wawili. Tangu hapo maabara na wodi ya watoto hazikuachana maishani mwake.

Enzi hizo, miezi ya joto ilipofika, maradhi ya kuharisha yaliwaua watoto wachanga wengi katika miji ya Marekani. Hartmann alitambua kwamba kupungukiwa na maji hakukuwa balaa pekee. Damu ya binadamu mwenye afya huwa na alkali kidogo, kwenye kipimo cha baina ya 7.35 na 7.45. Mtoto anayeharisha sana hupoteza pia bikaboneti, ile kinga inayoizima asidi, na kipimo hicho hushuka. Mwili hujitetea kwa kuhema kwa nguvu ili kutoa hewa ya kaboni. Kwenye baridi ya Molo, ni rahisi mno mzazi kudhani kwamba mtoto anayehema hivyo ana nimonia, kumbe mapafu ni mazima na kinachomsumbua ni asidi ya damu.

Maji ya chumvi yalijulikana tangu karne ya 19. Yaliijaza mishipa, lakini hayakuwa na kitu cha kuizima asidi. Bikaboneti nayo, ikitiwa kwa pupa, ingeweza kuivusha damu hadi upande wa pili, ambako alkali huzidi, na hatari hiyo si ndogo. Hartmann akachukua mchanganyiko wa Sydney Ringer, tabibu Mwingereza aliyeugundua akichunguza mioyo ya vyura, akauongezea sodiamu lakteti. Ini huigeuza lakteti kuwa bikaboneti polepole, hivyo damu hurejea katika hali yake bila kushtuliwa. Matokeo ya utafiti huo aliyachapisha mwaka wa 1932 akishirikiana na Milton Senn.

Mwaka wa 1936 alipewa uongozi wa idara ya watoto chuoni mwake, akaushika hadi 1964, mwaka aliofariki.

Kufikia wakati huo dawa yake ilikuwa imevuka mipaka ya wodi ya watoto. Waliochomeka vibaya huihitaji kwa lita nyingi. Wakazi wa Molo hawajasahau Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipolipuka Sachangwan na kuua zaidi ya watu 100. Katika mikasa ya namna hiyo, dripu hizi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutafutwa.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyekauka kabisa, na asiye na utapiamlo mkali, kipimo ni mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, kisha 70 katika saa tano zinazofuata. Mwenye kilo sita, basi, huanza na mililita 180, na mara awezapo kumeza hupewa pia maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.