Musa bin Maimun na Lugha Zake Mbili

Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides, alizaliwa Córdoba katika Hispania karibu na mwaka 1138. Baba yake alikuwa hakimu wa dini ya Kiyahudi. Mayahudi wa huko walisema Kiarabu nyumbani na sokoni; Kiebrania kilikuwa lugha ya sala na ya sheria yao.

Mwaka 1148 Muwahhidun waliuteka mji, wakawalazimisha wasio Waislamu wasilimu au wahame. Kurani Tukufu haikuwapa ruhusa hiyo, wala haifai sisi tulifiche jambo hili. Jamaa ile ikatangatanga miaka mingi, ikakaa Fez, na mwaka 1165 ikasafiri kwa bahari hadi Palestina, kisha ikahamia Misri. Nduguye Daudi, aliyewalisha wote kwa biashara, akazama katika Bahari ya Hindi; ndipo Musa akashika kazi ya utabibu. Huyu aliyefukuzwa na Waislamu akawa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Sultani Salahuddin.

Alipoandika, alimfikiria kwanza msomaji. Ufafanuzi wake wa Mishna, alioumaliza mwaka 1168, ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama ilivyokuwa desturi ya Mayahudi wa nchi za Kiarabu. Lakini kitabu chake kikuu cha sheria alikiandika kwa Kiebrania, kipate kusomwa na Mayahudi wa kila nchi. Mtu mmoja wa Baghdad, Yusuf bin Jabir, alisikitika kwamba Kiebrania hicho kilimshinda. Musa alikataa kukigeuza kitabu kwa Kiarabu, kwa kuwa utamu wake ungepotea. Akamtia moyo ajifunze lugha kwa kitabu hicho hicho, wala asijiite mjinga. Jibu la upole kwa mtu asiye na elimu!

Kitabu chake cha falsafa, Dalalat al-Hairin, kilikuwa Kiarabu. Mayahudi wa Lunel, kusini mwa Ufaransa, hawakuijua lugha hiyo. Bahati njema, Yehuda ibn Tibbon alikuwa amehamia huko kutoka Granada, akamfundisha Kiarabu mwanawe Samuel. Samuel alimaliza tafsiri mwaka 1204, mwaka ule ule aliofariki Musa. Kiebrania kilikuwa na upungufu wa maneno ya falsafa. Basi Samuel akaunda mengine kwa kufuata Kiarabu, na mwaka 1213 akatunga kamusi ya kuyaeleza.